Mbwa anachimbua matuta, paka amegeuza kitalu kuwa choo: je, niache bustani?

«Daktari, salamu nyingi. Naishi Lubumbashi, katika komuni ya Kampemba, na nyuma ya nyumba, ndani ya lupango wetu, nina kipande cha udongo ninacholima lengalenga, matembele, nyanya na vitunguu kidogo. Kila mwaka mwishoni mwa Septemba, baridi ikishakwisha, hakuna kinachonifurahisha kama kuandaa matuta. Mwaka huu furaha hiyo imegeuka kero. Tuna mbwa dume mkubwa, Simba, na paka jike mmoja. Nikimwagilia tuta jioni, asubuhi nakuta Simba amelichimbua na kulala ndani yake. Naona ananilipiza kisasi kwa sababu siku hizi sina muda naye. Paka naye amefanya kitalu cha nyanya kuwa choo chake. Juma lililopita nilichanganya udongo na mavi mabichi ya kuku pamoja na unga wa mifupa niliopewa machinjioni. Simba akafukua, akala, akatapika usiku kucha. Jirani amenishauri nitandaze vidonge vya naftalini na dawa ya panya kuzunguka matuta ili wanyama wakome. Juu ya hayo, mkamwana wangu ana mimba ya miezi minne, na ndugu zake wanasema paka lazima aondoke kabla hajamdhuru mtoto. Je, niache bustani, au nitoe wanyama?»

Mama, asante kwa barua yako, na hasa kwa kueleza kila jambo kwa ukamilifu, maana majibu mengi yamo humo humo katika maelezo yako. Naanza na lile lisiloweza kungoja: tafadhali usitandaze naftalini wala dawa ya panya, hata kama jirani amekwisha kukuletea pakiti. Naftalini hutoa mvuke unaomchukiza mnyama, lakini mnyama akiimeza huharibu chembe nyekundu za damu na ini, na paka, ambaye ini lake ni dhaifu katika kuvunja kemikali nyingi, anaweza kudhurika kwa kidonge kimoja tu. Dawa ya panya ni mbaya zaidi. Iko ile inayozuia damu kuganda, ambayo hukuhadaa kwa sababu mnyama huonekana mzima siku 3 hadi 5 kabla ya kuanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Iko pia ile inayouzwa sokoni katika vifuko vidogo visivyo na maandishi, ambayo mara nyingi ni sumu ya wadudu wa mashambani iliyofungwa upya. Hiyo hushambulia mishipa ya fahamu na inaweza kuua kabla hujapata usafiri wa kwenda kwa daktari. Na sumu iliyotandazwa ardhini haichagui: kuku wataidonoa, mtoto anayetambaa ataiokota, na paka wako atamla panya aliyekwisha kuila.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ninavyokusoma, umefikia mahali pa kuamini kwamba bustani na wanyama haviwezi kukaa katika lupango mmoja. Mimi naamini vinaweza, na siandiki hivyo kukufariji. Simba na paka wanakuharibia matuta kwa sababu zinazoeleweka, na mtu akizijua sababu hizo anaweza kuwaelekeza mahali pengine kwa kazi ya siku moja au mbili, kisha akalinda miche kwa muda wa mwezi hivi, mpaka majani yafunike udongo.

Nianze na hilo la kisasi, kwa sababu linakuumiza moyo bure. Mbwa hana hesabu ya namna hiyo. Unapotoka asubuhi ukamkuta amejikunyata, masikio yameanguka na macho yanakukwepa, unaona mkosaji anayejua kosa lake. Kwa kweli anachokisoma ni sauti yako na namna ulivyosimama, naye anajaribu kukutuliza. Ukimchapa wakati huo kwa shimo alilochimba usiku, hataunganisha fimbo na shimo, ataiunganisha na wewe kutoka nje. Kinachomwita kwenye tuta ni baridi ya udongo. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, na sehemu kubwa ya joto huitoa kwa kuhema, ulimi nje. Hapa Lubumbashi mwezi wa Septemba na wa Oktoba ndio wa joto kali, jua halina wingu na ardhi ya lupango iliyofagiliwa inachoma miguu, halafu wewe unakuja jioni na ndoo zako na kuloanisha sehemu moja tu iliyolainishwa kwa jembe. Anachimba sentimita ishirini, anafikia udongo wenye unyevu, anaweka tumbo lake juu yake, ambapo manyoya ni machache, na joto linatoka. Kwake hicho ni kitanda bora kuliko vyote alivyonavyo.

Unga wa mifupa na mavi ya kuku vimeongeza sababu ya pili, nayo ni pua. Ulipovizika kwenye tuta ulimwandalia meza, na mbwa hawezi kujua kwamba chakula kile kiliandaliwa nyanya. Nisisitize kwamba unga wa mifupa si kitu cha mzaha. Ukiliwa kwa wingi unaweza kushikana tumboni ukawa bonge gumu linaloziba njia, na mafuta yaliyobaki katika mifupa ya machinjioni yanaweza kuwasha kongosho. Ikiwa Simba ametapika usiku ule mmoja, na tangu hapo anakula, anakunywa na anapata choo, basi tumbo lake limejisafisha. Ikiwa bado anatapika, hapati choo, au tumbo limejaa na linamuuma ukiligusa, usimalizie kusoma barua hii, mpeleke leo.

Ninachokushauri ni kumpa Simba udongo wake. Chagua mahali chini ya mwembe au upande wa ukuta usiopigwa na jua la mchana, chimba shimo la mita moja na nusu kwa mita moja, kina cha sentimita arobaini, ukijaze tena udongo uleule uliochanganywa na mchanga, na saa nane mchana umwagie ndoo moja ya maji. Siku za mwanzo fukia humo kitu anachopenda kutafuna, hata kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, lakini siyo mfupa uliopikwa, kwa kuwa mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Akianza kuchimba hapo, msifu kwa jina lake. Wakati huohuo badilisha saa ya kumwagilia matuta: mwagilia alfajiri badala ya jioni, kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua ya mahindi ya mwaka jana. Ni kweli kwamba maji ya jioni hukaa zaidi ardhini, na wakulima wetu wana haki ya kuyapenda. Lakini ukiwa na matandazo tofauti hiyo ni ndogo, na majani ya nyanya yanayolala makavu hushikwa na ukungu mara chache. Kufikia mchana, uso wa tuta utakuwa mkavu na wenye mabua yanayochoma, na shimo la Simba litakuwa ndilo lenye ubaridi. Hatahitaji kufukuzwa ili achague.

Angalia pia njia zake. Mbwa anayelinda lupango hupita kila siku kandokando ya ukuta, na ukikagua udongo utaona alama ya miguu yake imechora mstari. Ukipanda matembele juu ya mstari huo utapigana naye mpaka Aprili. Mwachie njia yake ya upana wa nusu mita kandokando ya ua, sogeza tuta ndani, na kwenye kingo za tuta simika matete yenye urefu wa kufika gotini. Uzio huo haumzuii mbwa mkubwa akiamua kuruka, lakini humwonyesha mpaka, na mbwa wengi huheshimu mpaka wanaouona.

Paka ana sababu tofauti kabisa. Mababu zake walikuwa paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, na alichorithi kwao ni kufukia kinyesi chake katika udongo mkavu, laini, unaochimbika kwa mguu mmoja. Kitalu cha nyanya kilichochekechwa vizuri ni hicho hasa. Kwa hiyo humwondoi kwa kumpigia kelele. Unamwondolea ulaini na unampa ulaini mwingine. Kitalu kipandishe juu ya meza, ndani ya kasha la mbao lililotobolewa chini, ukakifunika kwa wavu uliovutwa vizuri; miche ya nyanya hukaa humo wiki nne hadi sita tu. Tuta la lengalenga ulitie matawi ya bugenvilia uliyoyakata, yakiwa yamelazwa karibukaribu kiasi kwamba paka hapati nafasi ya kugeuka. Lengalenga huota baada ya siku nne au tano na huanza kuvunwa katika wiki ya tatu au ya nne, na majani yakishaziba tuta paka hana hamu nalo tena. Halafu mtengenezee choo chake: kasha au shimo la mita moja kila upande, lenye mchanga mkavu, chini ya kipande cha bati ili mvua isililoweshe, mbali na kisima na mbali na mboga. Chota kinyesi kila siku bila kukosa, kwa sababu paka hukataa choo kichafu na kurudi kwenye tuta.

Wengine watakuambia umwage pilipili ya unga au mafuta machafu ya gari. Pilipili huosheka kwa maji ya kwanza, na kabla ya hapo humchoma paka machoni anapojilamba miguu. Mafuta ya gari huua udongo unaotaka kula kutoka kwake. Sioni faida yoyote katika hivyo viwili.

Kuhusu mbolea, usiziache kuku zako. Acha tu ubichi. Mavi mabichi ya kuku huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya kuharisha. Yarundike pamoja na majani makavu na mabaki ya mboga, funika rundo kwa bati au turubai lililobanwa kwa mawe, ligeuze mara kwa mara, na usilitumie kabla ya miezi mitatu. Likiwa tayari lina harufu ya udongo wa msituni, na mbwa hulipita bila kugeuza kichwa. Rundo lenyewe lizungushie uzio, maana chakula chenye ukungu kinachooza humo kinaweza kumtetemesha mbwa akikila. Majivu ya makala yanafaa kwa udongo wetu wenye asidi, lakini yachanganye ndani ya udongo badala ya kuyaacha juu, kwa sababu yakilowa huwasha ngozi ya miguu. Kinyesi cha mbwa na cha paka kisiingie kamwe katika mboji ya mboga.

Nije kwa mkamwana wako, kwa sababu hapa nasikia hofu kubwa kuliko ya matuta, na ni hofu ya haki inayoelekezwa mahali pasipo sahihi. Ndugu zake wanazungumzia kimelea kiitwacho toksoplasma. Ni kweli kwamba paka ndiye mnyama ambaye kimelea hicho huzaliana tumboni mwake na kutoka na kinyesi, na ni kweli kwamba mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mtoto anaweza kudhurika macho na ubongo. Lakini angalia namna kinavyosafiri. Paka kwa kawaida hutoa mayai ya kimelea hicho kwa muda wa wiki moja hadi tatu tu baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa bado mdogo na ameanza kula panya au nyama mbichi. Mayai yanayotoka hayaambukizi papo hapo; yanahitaji siku 1 hadi 5 nje ili yakomae. Kumpapasa paka, kumweka mapajani, kulala naye chumba kimoja, siyo njia ambayo wanawake wengi huipatia. Wanaipata kwa udongo ulioshikwa na mikono mitupu, kwa mboga ya saladi isiyooshwa vizuri, na kwa nyama isiyoiva.

Mayai yaliyokomaa huishi katika udongo wenye unyevu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hivyo ukimtoa paka wako leo, udongo wa bustani unabaki kama ulivyo, na paka wa majirani wataendelea kuruka ukuta usiku. Yaani mtakuwa mmempoteza mwindaji wa panya bila kumkinga mtoto. Kinachomkinga ni hiki: mtu mwingine, siyo yeye, achote choo cha paka kila siku, kabla mayai hayajakomaa, yeye asishike udongo bila glavu, na hata akiwa na glavu anawe kwa sabuni, mboga zote zioshwe kwa maji mengi safi, na zile zinazopikwa zipikwe, nyama iive mpaka ndani, na paka mwenyewe apewe chakula kilichopikwa. Aulize pia kliniki ya wajawazito kama wanaweza kumpima damu, kwa sababu mwanamke aliyekwisha kukutana na kimelea hicho kabla ya mimba kwa kawaida ana kinga. Mwambie hivyo kwa upole, na waambie ndugu zake pia. Wanampenda, na wakipewa kazi ya kufanya watatulia kuliko wakibishiwa.

Ukweli ni kwamba, kwa wajukuu wanaocheza chini, mimi humwogopa zaidi mbwa asiyepewa dawa ya minyoo kuliko paka. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa hukomaa udongoni kwa wiki mbili au zaidi na hudumu kwa miaka, na mtoto anayelamba vidole vyenye udongo huyameza. Nayo minyoo ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu mtupu kwenye udongo wenye joto na unyevu, ikaacha mchoro mwekundu unaowasha. Simba apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake, na kinyesi chake kizolewe kila asubuhi. Panda saladi, karoti na vitunguu kwenye kona iliyozungushiwa uzio mzima, na lengalenga, matembele na sombe, ambazo zote huiva motoni, ziache kwenye sehemu ambazo wanyama wanaweza kupita kwa bahati mbaya. Mgawanyo huo mmoja tu huondoa sehemu kubwa ya hatari.

Shimo la Simba nalo lina sharti lake. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye udongo wa kivulini ulionuka mkojo, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mbwa aliyelala hapo na kufanya majipu yenye tundu dogo juu. Ukiona hivyo, mpakaze mbwa mafuta mazito ya vaselini juu ya tundu ili funza akose hewa na ajisogeze nje, kisha mtoe taratibu bila kumpasua. Geuza udongo wa shimo kila juma na usiruhusu mbwa alikojolee. Mvua zikishaanza, mkague kupe kila jioni katika masikio, kati ya vidole na chini ya mkia, kwa sababu homa zinazoletwa na kupe huanza kuonekana katika miezi hiyo.

Kuna jambo la jiji letu ambalo halimhusu mbwa peke yake. Shaba imekuwa ikiyeyushwa Lubumbashi tangu mwaka 1911, na udongo wa mitaa iliyo upande ambao upepo hupeleka moshi umebeba shaba, kobalti, risasi na kadimi. Mnyama anayelala kwenye vumbi na kulamba manyoya yake humeza vumbi hilo, na watoto vilevile. Kama mahali pako ardhi ni tupu na hata nyasi hazitaki kuota, usilime moja kwa moja humo. Inua tuta kwa udongo ulioletwa kutoka mbali, hata ule wa kichuguu ambao watu wa Katanga wanaujua kwa rutuba yake, na usiache udongo wa lupango uchi. Nyasi fupi chini ya miembe ni kinga nzuri.

Mimea michache itazame kwa jicho kali. Lorie-rozi, ule mti wa maua ya waridi au meupe unaopandwa sana kwenye ua, huusimamisha moyo. Mbegu za mbarika na za mnanaha ni sumu. Maziwa ya mnyaa huunguza macho. Mayungiyungi ya bustani huua figo za paka, hata unga wake wa maua uliomwangukia manyoyani. Maganda mabichi ya muhogo mchungu na vitunguu vilivyotupwa visifikiwe na mbwa. Na Novemba ikifika, okota maembe yaliyoanguka kila asubuhi, maana kokwa lililomezwa zima huziba utumbo wa mbwa, na huondolewa kwa kupasuliwa.

Nimeandika sana juu ya hatari, mama, na sipendi uone kana kwamba kipindi hiki ni cha kuogopa. Hakuna majira ninayoyapenda kama haya. Jakaranda zimechanua barabarani, miombo nje ya jiji imetoa majani mapya yenye rangi ya shaba wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, na saa kumi na mbili asubuhi udongo wa tuta bado una ubaridi unaousikia kwenye vidole. Mbwa huamka na wewe, hufuata ndoo kutoka kisimani hadi kwenye tuta na kurudi, pua yake imeshika udongo mpaka machoni. Paka hukaa juu ya jiwe lenye joto la kwanza la jua akitazama mjusi. Siku ya nne, ukiinama karibu sana, unaona lengalenga imetoka: majani mawili membamba, mekundu kwa chini, na bado yamebeba ganda la mbegu. Mvua ya kwanza ikinyesha, usiku ule kumbikumbi watatoka kwa maelfu kuelekea taa, na wanyama wako wote wawili watawarukia na kuwala. Waache, hawadhuriki, na huenda ndipo utakapowaona Simba na paka wakiwinda pamoja bila ugomvi. Haya yote unayapata kwa sababu wanyama wapo. Panya hawali mbegu zako na kuku wa jirani hawaingii kuparua, kwa sababu wapo.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiache bustani na usitoe wanyama. Ikiwa huwezi kupata nguvu ya kufanya yote sasa, fanya kwanza shimo la Simba na choo cha paka, ulime nusu ya matuta mwaka huu, na nusu nyingine uifunike nyasi mpaka mwakani. Sioni aibu katika hilo. Ungekuwa na mbwa wanne katika lupango mdogo ningekujibu vingine, lakini kwa mbwa mmoja na paka mmoja nafasi ipo.

Yako mambo ambayo barua haiyatoshi. Kutapika kunakorudiarudia, au mbwa mkubwa anayejaribu kutapika bila kutoa kitu huku tumbo likivimba, kunahitaji daktari saa hiyohiyo. Paka dume anayeingia chooni mara nyingi bila kutoa mkojo vilevile, ikiwa siku moja utafuga dume. Fizi zilizopauka, damu puani au kwenye mkojo, huashiria dawa ya panya, na vitamini K ikitolewa mapema huokoa. Mate yanayochuruzika, kutetemeka, mboni za macho zilizobanwa kuwa nukta, ni dalili za sumu ya wadudu, ambayo daktari huitibu kwa atropini. Ikiwa mbwa amemng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Na Simba achanjwe kila mwaka. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, na pale au kwa daktari wa mifugo aliye karibu nawe utapata mtu wa kumshika mnyama kwa mikono yake, jambo ambalo mimi siwezi kulifanya kwa maandishi.

Ikitokea sumu, usimnyweshe maziwa wala mafuta ya mawese. Najua ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu, lakini maziwa hayaizimi sumu, mafuta yanaweza kuharakisha baadhi ya sumu kuingia mwilini, na mnyama anayetetemeka huyavuta yakaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu mahali penye giza na ubaridi, okota pakiti au mabaki ya kile alichokula pamoja na kidogo cha matapishi yake katika mfuko, umpigie daktari simu ukiwa njiani ili akute dawa imeandaliwa, na usingoje kupambazuke.